Darasa Linalotangulia Kusalimu

Mwalimu wa Shule ya Kilele hakuwahi kumaliza kusoma swali lake. Alifika kwenye neno "shamba" tu, na mikono yote ya Darasa la Sita ikawa juu. "Ekari kumi na nne," alisema mtoto wa mbele. "Na theluthi mbili," wakamalizia wenzake kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amegusa kalamu. Wageni walioketi nyuma ya darasa, watu wa suti na vitambi, walipiga makofi kwa muda mrefu.

Upande wa pili wa chumba, mahali ambapo zamani pangekuwa na ukuta, lilikaa darasa jingine. Halikuwa pale kimwili. Lilikuwa Mwanhumbi, kijiji cha pamba na vumbi, mbali kabisa na jiji la Mwanza ilikokuwa Kilele. Kilichoonekana hapa ni sanamu-mwanga zake, watoto waliochorwa kwa nuru kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo. Kila mtoto wa Kilele alikuwa na pacha wake upande ule, na kila mmoja wao alivaa utepe wa fahamu, mkanda mwembamba wa rangi ya fedha unaobana paji la uso. Watoto wa Kilele walikuwa wakitabasamu. Wale wa Mwanhumbi walikuwa wameinama, jasho likiwatiririka mpaka kidevuni.

Mgeni mmoja aliuliza mbona wale wanatoka jasho namna ile. Mhandisi Doto Nkinda, mwanamke aliyeubuni mfumo huo, alimjibu kwamba Mwanhumbi kuna joto. Watu wakacheka. Doto naye akacheka, maana aliamini alichokisema.

Mfumo wenyewe uliitwa Pachani, na maelezo yake yalikuwa mepesi kiasi kwamba hata wakubwa wa serikali waliyaelewa. Mtu anapopambana na swali gumu, ubongo wake huhangaika: hujaribu, hukosea, hurudi nyuma, hujaribu tena. Kisha huja mwako, ile nukta ambayo mtu husema "ahaa". Utepe wa fahamu huudaka mwako huo na kuurusha kwa pacha aliye mbali, naye akaelewa bila kuhangaika. Kwa hiyo darasa moja hutangulia na jingine hufuata. Swali hufika kwanza kwa darasa linalotangulia, na likifika kwa linalofuata hukuta jibu limeshakaa kichwani linangoja. Kesho yake zamu huweza kugeuka. Ndivyo Doto alivyopanga: shule tajiri na shule fukara zibebane, leo mimi, kesho wewe.

Yeye mwenyewe alikuwa pacha, na kwao Usukumani pacha anayetoka kwanza tumboni huitwa Kulwa, wa pili huitwa Doto. Basi darasa linalotangulia akaliita Kulwa, na linalofuata akaliita kwa jina lake. Ilipofika suala la kuamua nani atatangulia kila asubuhi, hakutaka mtambo upige kura kama mcheza kamari. Alitaka kitu cha nyumbani. Walipokuwa wadogo, yeye na dada yake walikuwa wakishindana kila kukicha nani atawahi kusema "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Wasukuma, na aliyewahi alijisifu mpaka jua linazama. Akili unde iliyoendesha Pachani, ambayo iliitwa Mlezi, akaifundisha mchezo huo huo. Madarasa yanapoonana asubuhi, litakalosalimu kwanza ndilo Kulwa wa siku, mara tu lile jingine litakapoitikia. Bila salamu na kiitikio, Mlezi hafungui somo. Wala Mlezi hachagui msemaji: sauti yoyote itakayotoka chumbani ni sauti ya darasa hilo.

Doto alidhani watoto watashindana. Msomi huyu, Mungu amsamehe! Alikuwa amekaa mjini mpaka akasahau kwamba kusalimu si mchezo kwa kila mtu. Mwanhumbi, mtoto anayengoja kusalimiwa huulizwa amelelewa na nani. Kilele, mtoto husalimiwa na mlinzi, na dereva, na mpishi, naye huitikia akipenda. Miaka mitatu Pachani ilikuwa imefanya kazi, na haikutokea asubuhi hata moja watoto wa Kilele wakatangulia kusalimu. Hakuna aliyewakataza. Walizoea kungoja, basi wakangoja.

Dada yake, Kulwa, ndiye aliyempigia Doto simu. Kulwa alikuwa amebaki Mwanhumbi analima pamba, na binti yake Minza alisoma katika darasa lile la jasho. Ndaki, mwana wa Doto, alisoma Kilele. Doto alikuwa amehakikisha yeye mwenyewe kwamba watoto hao wawili wanapangwa pacha, na siku walipovishwa tepe alilia kwa furaha. Sasa Kulwa alisema Minza ana shida. Alikuwa amekwisha kulisema hilo mara nyingi, na kila mara Doto alimjibu kwamba ni umri, msichana anakua. Safari hii sauti ya dada yake ilikuwa kavu, wala hakubembeleza. Doto akaomba ruhusa kazini na kupanda gari-anga la kwanza lililokwenda upande ule.

Alimkuta Minza jikoni, kiganja cha kulia kimefungwa kitambaa. Kulwa alimwambia binti yake asonge ugali ili mgeni ale. Minza akabandika maji, yakachemka, akatia unga, akakoroga, akaongeza unga, akasonga kwa mkono wa kushoto vizuri tu kama mtu mzima. Ugali ukaiva. Hapo akasimama, mwiko mkononi, macho yameelekea juu kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa barabarani. Ugali ukaanza kuungua, moshi ukajaa jikoni, na Minza hakuepua. Mama yake ndiye aliyeepua.

"Mkono aliuunguza hivyo hivyo," Kulwa alisema. "Alishika sufuria ya moto, akabaki ameishika."

Doto akasema huenda ni kifafa, kuna aina ya kifafa isiyoangusha mtu. Kulwa alimuuliza kama kifafa siku hizi kinashika darasa zima, kisha akajifunga khanga kiunoni na kumpeleka shuleni, mwendo mfupi tu.

Watoto walikuwa kwenye mapumziko. Msichana mmoja alikuwa amefagia uwanja wote, akakusanya taka, na sasa alisimama mbele ya rundo akilitazama. Mvulana mmoja alikuwa amefunga vifungo vya shati lake vyote isipokuwa cha mwisho, vidole bado viko pale pale. Upande wa goli, mchezaji aliwapiga chenga mabeki, akamlaza kipa, akabaki yeye na goli tupu. Akasimama. Kipa akainuka polepole, akaufuata mpira miguuni mwake, akauokota, na hakuna aliyelalamika wala kucheka.

Mwalimu Gwisu, mwenye darasa, alisema ni uvivu. Dunia ilikuwa imebadilika sana, watu walikuwa wakiishi mwezini na ng'ombe wakichungwa na roboti, ila fimbo ya Mwalimu Gwisu ilikuwa ile ile ya mti. Kila aliyeishia njiani alichapwa, na kwa kuwa wote waliishia njiani, wote walichapwa. Hata hivyo, mwalimu aliongeza kwa fahari, adabu yao haijapungua. Salamu ya asubuhi hawajawahi kushindwa. Mtoto wa Mwanhumbi hawezi kusubiri kusalimiwa, hilo alilisimamia yeye kwa mkono wake. Doto alimshukuru, maana alikuwa hajaelewa bado.

Waliporudi nyumbani Doto alitoa utepe wa majaribio, ambao huamka pamoja na wa pacha bila kungoja Mlezi afungue somo, akamvisha Minza. Kisha akampigia Ndaki jijini, akamwambia avae wa kwake, bila kumweleza sababu. Akaifunika simu kwa kiganja, na kwa sauti ya chini akamuuliza Minza saba mara kumi na sita ni ngapi.

Midomo ya mtoto ikaanza kuhesabu. Vidole vikagusana. Alikosea, akatikisa kichwa, akarudi nyuma, akaanza upya. Jasho likatoka ingawa jiko lilikuwa limekwisha kuzimwa. Doto aliliona jibu likimjia kabisa usoni, macho yakaangaza, mdomo ukafunguka. Ghafla macho yakazimika, na Minza akabaki mdomo wazi.

Upande wa pili wa simu Ndaki akacheka.

"Mama," alisema, "kwa nini nawaza mia moja na kumi na mbili?"

Doto alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na gauni lake la mjini. Kazi yake yote ilisimama juu ya dhana moja: kwamba mwako wa kuelewa hugawanywa kama moto, ukiwasha mshumaa kwa mshumaa mwingine wa kwanza hauzimiki. Alikuwa amekosea. Mwako haugawanyiki, unahama. Mtoto anayenyang'anywa mwako siku baada ya siku, ubongo wake hatimaye hukubali kwamba mwisho wa jambo si wake, na huacha kuutafuta, awe shuleni au jikoni. Zamu zingegeuka kama alivyopanga, kilichochukuliwa leo kingerudishwa kesho, na pengine pasingekuwa na madhara. Zamu hazikugeuka kwa sababu upande mmoja ulifundishwa adabu.

Alimweleza dada yake yote. Hakuficha, na hilo tumpe. Kulwa aliuliza jambo moja tu, kama inatibika. Doto akasema inatibika, lakini si kwa kuzima mfumo. Ukizimwa leo, watoto hawa watabaki walivyo mpaka uzeeni. Dawa ni mwako kurudi ulikotoka: Kilele watangulie, Mwanhumbi wafuate, kwa miaka ile ile mitatu.

"Na Ndaki?" Kulwa akauliza. "Atakuwa hivi?"

"Kwa muda."

Kulwa alimtazama Minza, ambaye alikuwa bado amefungua mdomo. Akaenda akaufunga taratibu kwa vidole viwili.

"Basi kesho mimi nitawafumba midomo wa huku," alisema. "Wewe wafumbue wa kwako."

Alasiri ile ile Doto alikuwa ofisini kwa Bi Thureya, mkurugenzi wa shirika lililomiliki Pachani, mwanamke mpole aliyependa kuwamiminia wageni kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Alimsikiliza Doto bila kumkatiza. Mwishoni akasema kwamba hayo waliyajua tangu mwaka wa kwanza. Vipimo vilionyesha. Wazazi wa Kilele, alieleza, hawakupeleka watoto wao shule ile ili wakahangaike, na watoto wa Mwanhumbi wangefeli hata bila utepe, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa kama inavyosikika. Doto aliuliza kwa nini hakuambiwa.

"Ungelia," Bi Thureya alijibu, "kisha ungekuja kuniuliza tufanye nini, kama sasa. Afadhali umekuja tukiwa tumeshafika mbali."

Doto akasema atabadili zamu, hata kama watamfukuza. Alisema kwa ukali, kidole juu ya meza, na alikuwa akimaanisha. Bi Thureya alimsogezea bakuli la sukari.

"Sitakuzuia, Mhandisi. Sheria ya salamu uliiweka wewe, Mlezi ataifuata. Sitaweka askari mlangoni wala sitakata umeme. Kesho nenda darasani ukamwambie Ndaki atangulie kusalimu." Akakoroga kahawa yake. "Mimi sina mtoto pale. Wewe unaye."

Asubuhi, wakiwa garini, Doto alimwambia mwanawe. Ndaki alikuwa mtoto mwema, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya hadithi hii. Angekuwa mkorofi ingekuwa rahisi kwa kila mtu. Aliuliza kama Minza anaumia. Aliuliza kama akisalimu yeye kwanza Minza atapona, na mama yake akasema atapona polepole. Akauliza na yeye je. Doto akamwambia atachoka kidogo. Ndaki aliwaza, akasema sawa. Kabla ya kuingia darasani aliinama kufunga kamba za kiatu, akapitisha, akakaza, akapiga fundo, na juu ya fundo akapiga jingine, kisha akaondoka mbio. Doto alibaki akikitazama kile kiatu.

Nuru ikawaka. Darasa la Mwanhumbi likajitokeza limesimama wima, na mbele yake Kulwa, kidole mdomoni. Mwalimu Gwisu alikuwa pembeni amekunja uso. Alikuwa amesihiwa awaache watoto wanyamaze, na aibu ilikuwa ikimtafuna. Watoto wenyewe walibana midomo. Baadhi yao walitetemeka kwa kuizuia salamu.

"Madarasa yameonana," Mlezi akasema kwa sauti yake ya upole. "Nangoja salamu."

Ndaki akasimama. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Doto akamvuta shati kwa nyuma, kwa nguvu, mtoto akaketi kwa kishindo.

Baadaye alijiambia kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Haukwenda wenyewe. Katika mawazo alikuwa amemwona Ndaki jikoni kwao na mwiko mkononi, moshi ukimzunguka. Alikuwa amemwona mbele ya goli tupu. Alijua anachofanya kama anavyojua jina lake, na alikifanya.

Ndaki aligeuka kumtazama, haelewi. Upande wa pili, Kulwa alikuwa ameona. Hakushusha kidole. Midomo yake ikatamka bila sauti, "Doto," mara moja, kisha ikatulia. Alikuwa bado anamwamini. Alifikiri mdogo wake anangoja kitu fulani cha kitaalamu.

"Nangoja salamu," Mlezi akarudia.

Mwalimu wa Kilele alikohoa. Doto akaanza kujipa moyo kwamba pengine hii nayo ni njia: pasiwe na salamu, pasiwe na somo, asichukuliwe mtu, na asilazimike kuchagua. Ilikuwa fikra ya mwoga, nayo ilimstarehesha kidogo.

Lakini Minza alikuwa akimtazama. Mtu mzima alikuwa amesimama mbele yake, tena mama yake mdogo, na alikuwa hajasalimiwa. Mengi yalikuwa yamekatika kichwani mwa mtoto yule, ila hilo halikukatika. Lilikuwa limeingia mapema mno na kwa fimbo nyingi mno. Alivumilia alivyoweza. Halafu akampita mama yake, akasogea mbele, akapiga goti kama mabinti wa kwao wanavyosalimu wakubwa.

"Mwangaluka, mama mdogo," alisema.

Aliisema yote, mpaka neno la mwisho. Somo lilikuwa halijafunguliwa, utepe ulikuwa umelala, kwa hiyo hapakuwa na wa kumnyang'anya. Uso wake ukajaa furaha ya mshangao, furaha ya mtu aliyemaliza kitu.

Mlezi hakufungua somo, kwani salamu bila kiitikio si kitu. Kulwa sasa alikuwa akimtikisia Doto kichwa, haraka haraka, machozi yanamtoka, mikono yote miwili mbele kama anayezuia mlango. Doto alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Amwache mtoto pale chini bila kuitikiwa, amwachie Ndaki shati, basi. Watu wananyamaza kila siku kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Aliitazama kamba ya kiatu cha mwanawe.

"Mwangaluka, mwanangu," akaitikia, kwa sauti nzuri, ya upendo.

"Asanteni," Mlezi akasema. "Mwanhumbi ni Kulwa wa leo."

Tepe zikawaka pande zote mbili. Minza alikuwa ameanza kuinuka kutoka kwenye goti lake; akafika nusu, akaishia hapo, magoti yamepinda, macho yameelekea juu kidogo. Ile furaha ilimtoka usoni. Pembeni mwa Doto, Ndaki alinyoosha mkono, ingawa hakuna swali lililokuwa limeulizwa, na alikuwa anatabasamu.

Kulwa akaja, akamshika binti yake mabegani, akamsimamisha. Hakumtazama tena mdogo wake.